Habari za Batholomeo wa Nkuhungu na Utwaaji wa Viatu vya Gofu

Sogeeni, enyi mlio na viatu na msio navyo, zimeni redio zenu na mtege masikio, kwani inasimuliwa hapa habari ya Batholomeo wa Nkuhungu, simba wa mafaili, mgonga mihuri asiyejua uchovu, ambaye katika zama zile za soko huria, Serikali ilipokuwa ikinadi viwanda vyake kama mtu anayehama nyumba, aliteuliwa kwenda Uskochi kukitafutia mnunuzi kiwanda cha viatu cha Dodoma, kilichokuwa kimefungwa makufuli na kuachiwa popo.

Safari ilikuwa tukufu, lakini ilikuwa na mwiba. Wenyeji walitaarifu kwamba matajiri wa kule hawazungumzi biashara ofisini. Huizungumza wakitembea juu ya majani na kupiga kijipira kwa fimbo, mchezo uitwao gofu, na asiye na viatu vinavyofaa hayakanyagi majani hayo. Mkurugenzi akatamka, kwa sauti ya mtu atangazaye vita, kwamba asiyevipata viatu hivyo kufikia Ijumaa atamwachia nafasi Kefa wa Uhasibu, ambaye pasipoti yake ilikuwa tayari na tabasamu lake pia. Batholomeo hakuwahi kupanda ndege maishani. Mkewe Aneth alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote, na kubaki sasa kungekuwa fedheha ya mtaa mzima.

Likaitishwa baraza la vita kwenye meza ya chai. Methusela wa Masjala, shujaa wa soka ya mchangani aliyebakiwa na goti moja zima, alizitetea njumu kwa hotuba iliyopoza chai ya wote. Cecilia mpiga chapa alisema raba nyeupe zinatosha, maana Mzungu hutazama usafi. Kefa, kwa wema usio na mfano, alimshauri mwenzake avae buti za mvua. Mwisho Mkurugenzi, aliyewahi kuuona mchezo huo kwenye televisheni ya hoteli, akakata shauri: kiatu cha gofu ni cha ngozi, kina rangi mbili, na chini kina misumari. Hekima hiyo ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Basi Alhamisi asubuhi shujaa akashuka Majengo, kwenye mitumba, huko tulikokuwa tukinunua vile tulivyoviita kafaulaya, kana kwamba kila mwenye navyo alikuwa amefia Ulaya. Sheria ya belo, lile robota la mitumba, inajulikana: likifunguliwa, aliyeshika kwanza ndiye mwenye mali, na hakuna cha cheo wala tai. Rajabu muuzaji akakata kamba, vumbi likapanda, na Batholomeo akajitosa katikati ya viwiko na mabega, akakanyagwa, akakanyaga, akapoteza kifungo cha shati na nusu ya heshima yake, mpaka kiganja chake kikachomwa na misumari. Akakiinua juu: ngozi nyeupe na kahawia, meno ya chuma yakimeta. Kilikuwa cha kushoto. Cha kulia kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Mliooa mtaelewa ukubwa wa janga. Hakuna mkwe duniani anayegombania kitu na mama yake mkwe mbele ya watu, na Batholomeo, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa ameshampiga kikumbo zaidi ya mara moja. Akachuchumaa vumbini, akaficha kiatu mgongoni, akatoa shikamoo. Bi Anjelina wa Mvumi akaitikia marahaba bila kulegeza mkono. Alikuwa akinunua viatu hapo na kuviuza gulioni kwao tangu mumewe, fundi mshona viatu wa kiwanda kile kile, apunguzwe kazi, na jozi nzuri kama ile ilikuwa chakula cha nyumba.

Batholomeo akakohoa, akahutubia. "Mama, ni Taifa limenituma. Bila jozi hii Serikali haitakanyaga majani ya Uskochi, na kiwanda cha baba hakitapata mnunuzi."

Bi Anjelina akakigeuza kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya.

"Baba yako alishona viatu imara kuliko hivi," akasema. "Vikaja hivi vya mitumba, vyake havikuuzika tena. Na leo ndivyo unavyotaka kuvaa ukakiuze kiwanda chake."

Rajabu akaanza kukunja gunia ambalo halikuhitaji kukunjwa. Batholomeo akatoa kiatu mgongoni akakinyoosha kwa mikono miwili amkabidhi. Mama hakukipokea. Aliweka cha kulia juu yake, akamwita kwa jina la mjukuu.

"Chukua, baba Loisi. Sitaki mwanangu Aneth achekwe mtaani. Lakini wakikuuliza huko kama kwetu walikuwepo watu wanaojua kushona viatu, useme walikuwepo."

Na iandikwe, basi, na isomwe mashuleni, kwamba Batholomeo wa Nkuhungu aliitwaa jozi nzima pasipo kumwaga damu ila ya kiganja kimoja. Kwamba viatu vilimbana vidole na yeye akaapa kuwa vimemkaa sawasawa. Kwamba ofisi ilimpigia makofi na Kefa akaikunja pasipoti yake. Lakini pale sokoni, jozi ikiwa kifuani, mshindi alishindwa kumtazama yule mama usoni, akashukuru kwamba adabu ya ukwe ilimkataza hata kujaribu.