Shamba la Chadia

Jumatatu, 10 Juni

Nimeipata! Tangu maji ya ziwa yaingie nyumbani mwezi wa nne, mashine yangu ya mchezo ilikuwa juu ya kabati, ndani ya gunia, chini ya vitenge vya Mama. Na inawaka. Sababu ya kuitafuta: Chadia anarudi Jumamosi kwa meli ya Kalemie, kuja kula Idi kwao. Miaka mitatu! Kabla hajaondoka tulikuwa tukicheza mchezo mmoja, wa shamba. Unapanda, unamwagilia, unalisha ng'ombe, unangoja. Unangoja sana. Nikauacha katikati. Chadia hakusema mengi siku ile. "Weye Mahamudi, kila kitu unaanzaka, hata kimoja haumalizake." Halafu akapanda meli, na mimi mpaka leo namjibu nikiwa peke yangu.

Mpango: hadi Jumamosi shamba langu lipite lake. Ataona mtu mwenye subira.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna umeme. Nimemwendea Venant, kinyozi jirani, mwenye paneli ya jua. Amekubali kuniazima betri kwa sharti moja: betri inakuja na mwenyewe. Anakaa kwenye kiti changu na kutoa maoni. Ameuliza Chadia atashuka bandarini Kalundu saa ngapi. Nimesema sijui. (Saa nne.)

Shamba langu ni magugu matupu. Ng'ombe wawili, mbavu nje. La Chadia, kwenye kadi ileile ya mashine, ni mahindi mpaka mtoni. Nililifungua kidogo tu. Nikasimama mlangoni pa nyumba yake, sikugusa kitu. Ameweka taa dirishani. Nimemkumbuka mpaka nikashindwa kumeza ugali. Venant akaumeza.

Jumatano, 12 Juni

Ushindi! Nimelima tangu asubuhi. Nilipotaka kuitunza kazi yangu kwenye kadi, mashine yenyewe ikanichokoza: "Écraser CHADIA?" Uwanjani kwetu kila mtu anajua ku-écraser ni nini. Ni kumchapa mtu mabao sita bila huruma. Nikabonyeza Oui, yaani ndiyo. Ikauliza kama nina hakika. Hakika kabisa! Nikabonyeza kwa vidole viwili.

Alhamisi, 13 Juni

Kwenye kadi kuna mashamba mawili. La kwanza linaitwa MAHAMUDI. La pili linaitwa MAHAMUDI. Ng'ombe wanne, mbavu nje.

Venant amenieleza, taratibu, kwa furaha, kwamba kwenye mashine neno lile ni kufuta cha zamani na kuandika kipya juu yake. Nikamuuliza kwa nini jana alinyamaza. Akasema alidhani nimeamua kumsahau.

Kumsahau! Saa kumi Chadia akaandika kwenye simu. Anauliza kama shamba lake bado lipo, maana huko Kalemie hulifikiria akitoka kazini. Nimejibu kwamba lipo, linamsubiri.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeanza shamba jipya kwa jina lake. Nalijenga kwa kukumbuka: mahindi hapa, kisima pale, taa dirishani. Nilikwenda msikitini na kurudi mbio. Ajabu, sikuchoka. Nilipomwagilia mahindi yake niliona kama yuko chumbani. Betri ikaisha mara tu nilipoitunza kazi, nikiwa na ng'ombe mmoja badala ya kumi na mmoja. Nitasema wengine wamepelekwa malishoni, milimani Mulenge.

Jumamosi, 15 Juni

Venant alifika Kalundu kabla yangu, ananukia. Chadia alitusalimia sawasawa, jambo lililoniuma. Alasiri akaja kumsalimu Mama, akaomba kuona shamba. Alitembea polepole. Mahindi mafupi akayapita. Nikataja Mulenge, hakucheka. Akaingia zizini, akatazama kila pembe.

"Nilikuwa na ng'ombe moja pale, jina yake Mahamudi. Maziwa haitoake, lakini nilikuwa naipenda tu. Iko wapi?"

Ng'ombe wake niliwahesabu nikiwa nje; sikuwahi kuingia zizini mwake. Hata mara moja! Ningeweza kusema ukweli. Nikasema amechinjwa kwa Idi.

"Idi ni kesho," akasema Chadia.

Basi nikaungama yote, mpaka vidole viwili. Alicheka hadi Mama akatoka jikoni, kisha Chadia akafuta macho, na sijui yalikuwa machozi gani. Yule ng'ombe mmoja akampa jina Mahamudi. Akaitunza kazi mwenyewe, akachomoa kadi, akaitia mkobani.

Jumatano, 19 Juni

Chadia aliondoka jana. Nilisimama Kalundu mpaka meli isionekane tena. Venant alichoka mapema.

Bila kadi, mashine haitunzi kitu. Ukizima, shamba limekwisha. Kila asubuhi naanza na magugu. Hata hivyo leo nimemwandikia Chadia kwamba nimefikisha ng'ombe thelathini, na wote wana maziwa.

Amejibu: "Kadi iko mu mukoba yangu. Mahamudi alishakula."

Nimesoma mara tisa. Kalemie ni mbali sana.

Kesho naanza upya, safari hii kwa subira ya kweli. Venant ameniambia iko njia ya mkato.