Kofia Ndefu Iliyoninyima Hodi ya Ushetu

Nyahanga, Kahama
14 Agosti 1954

Kwa Karani wa Stoo,
Mgodini, Geita.

Ndugu Karani,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba. Najua wewe ni Valerian, mtoto wa dada yangu Eufrasia, na nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Lakini jambo hili ni zito, haliandikwi kwa mpwa. Leo nisome kama karani. Ukimaliza ndipo uwe mpwa.

Jambo lenyewe ni kofia ngumu ya pikipiki uliyoninunulia huko. Nilikuomba kofia ya nusu: fupi, nyeusi, iliyolala kichwani kama nusu ya buyu, inayoishia juu ya masikio. Nikakutumia na kamba niliyopimia kichwa, ina fundo. Wewe ukaleta kitu cheupe, kirefu, chenye ukingo pande zote, kama chungu kilichopinduliwa juu ya sinia.

Usidhani nalalamika kwa kuogopa kuumia. Kichwa changu unakijua. Nilipokuwa vitani Bama, tukipigana na Wajapani, risasi ilinigonga hapa juu ya jicho ikarudi ilikotoka, na afisa wetu akaniomba radhi kwa niaba yake. Hapo mgodini kwenu, kabla hujaanza kazi, jiwe la ukubwa wa mbuzi liliniangukia utosini, likapasuka, ndani ikaonekana dhahabu. Kofia naitaka kwa heshima, maana mwaka huu naoa.

Tangu mke wangu, mama Esta, atutoke nimekaa peke yangu miaka minne. Sasa nimempata Nyamizi, mjane mwenye akili na shamba la tumbaku, binti wa mzee Mabula wa Ushetu. Mzee akasema nifike kwake, nisimame langoni, nipige hodi kama watu, tuzungumze. Nimekwenda mara tatu. Sijapiga hodi hata moja. Naorodhesha sababu:

1. Kofia hii inafanana na ya Bwana Mifugo anayekuja kuhesabu ng'ombe. Nikichomoza tu kilimani, wachungaji wanapiga yowe na mifugo yote ya Ushetu inaswagwa porini. Safari ya kwanza nilizunguka boma la mkwe wangu mara nne, nikisalimia kwa adabu kila mzunguko. Waliobaki ni kuku tu, nao walikuwa juu ya paa.

2. Inafunika masikio. Watu wananiambia mwangaluka asubuhi yote, sisikii, siitikii. Inasemwa Kahama nzima kwamba Mageni amepata pikipiki, amesahau salamu. Kwetu ungesamehewa kuchoma nyumba, lakini si hilo.

3. Ukingo unashika upepo. Kwenye mteremko wa njia ya Bulyanhulu kofia ilitaka kupaa, mkanda ukanikaba shingo, ikabidi tupae wote: kofia, mimi na pikipiki. Tulipita juu ya mkokoteni na ng'ombe wake wawili. Mwenye mkokoteni yupo, anaitwa Stanslaus. Muulize, isipokuwa siku hizi hasemi na mimi.

4. Hili naliandika kwa aibu. Unajua mama mkwe na mkwe hawatazamani, mmoja humpisha mwenzake. Safari ya pili mama yake Nyamizi alikuwa uani anaanika mtama. Kwa ajili ya kofia hakunijua, basi badala ya kugeuka na kunipisha kwa desturi, alijitupa ndani ya kihenge, kichwa mbele. Nimeona visigino vya mama mkwe wangu. Nimewauliza wazee faini yake ni mbuzi wangapi, wamesema hawajui, halijapata kutokea.

5. Safari ya tatu nilisimama kwenye ua wa minyaa. Nasema kwenye ua, si kando yake. Nikiwa humo, utomvu machoni, nikasikia sauti ya Donatus, yule wa baiskeli ambaye naye anamposa Nyamizi, asiye na kofia wala nywele za kufunika. Alikuwa ameketi kigodani anakunywa uji wa mkwe wangu. Yeye hawakumkimbia. Akaja kunichomoa, akaniambia, "Pole, baba, umri nao." Amenizidi miaka miwili.

6. La sita nimelisahau, ila lilikuwa kubwa kuliko haya yote.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, mzee Mabula atatoa jibu: mimi au Donatus. Kwa hiyo naomba kofia fupi upesi. Iwe na bitana ya ngozi laini, mkanda wa kidevu usiokaba, masikio yawe nje, ukingo usiwepo. Nikiingia mlango wa nyumba ya msonge niiname mara moja, si mara mbili. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, usimwamini. Ivae wewe, kichwa chako ni cha upande wetu, kisha kitikise kama mbuzi mwenye kupe sikioni. Ikitulia bila kukubana paji la uso, ndiyo hiyo.

Ikikosekana, naomba uandike kwa wakubwa kwamba Bwana Mifugo ndiye abadili kofia, au awe anakuja kwa miguu huku anaimba, watu watutofautishe.

Nisalimie mkeo Apolonia, watoto, na wote wa stoo, hata yule aliyeishika kamba yangu akauliza ni ya kufungia ng'ombe gani.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa na kofia,
Marcel Mageni
Askari wa Bama, mchimbaji wa zamani, mkwe mtarajiwa

Nyongeza: Kabla sijabandika bahasha amefika Klara, dada yake Nyamizi. Nyamizi anasema Donatus hamtaki, ananitaka mimi, na kofia ndefu nisiivue kamwe, maana weupe wake wanauona tangu kilimani, wanapata nafasi ya kuondoa watoto na wazee njiani. Ila Jumapili hiyo nisimame langoni kama nilivyoambiwa, au nije kwa miguu. Kweli pikipiki haina breki tangu Pasaka. Sikulitaja kwa sababu halihusiani na kofia. Basi kofia acha, mpwa wangu. Tuma breki.