Muundi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba

Siku tano zimebaki. Jumamosi baba mkwe wangu, mzee Ömürzak, ambaye ukoo mzima tunamwita Ata, anatimiza miaka themanini. Wageni mia mbili na arobaini. Ukumbi mkubwa wa karamu hapa Bishkek. Kondoo kumi na wanne. Na farasi! Ata ametangaza kwamba farasi wake wa kahawia atampa mkwe atakayeiwezesha karamu kupita bila mgeni hata mmoja kununa kwa sababu ya nyama.

Wakwe tuko wawili. Mimi, Döölötbek, na Maksat, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake mke wangu. Sote ni waandishi wa programu za kompyuta, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Farasi mwenyewe simpendi. Aliniuma bega mwaka juzi. Lakini Maksat akimpata, nitamwona juu ya mgongo wake kila sikukuu mpaka nife.

Nyama si mchezo. Kila mgeni ana mfupa wake kwa umri na heshima yake: nyonga kwa wazee, kiuno kwa mabibi, kisha paja, kisha mbavu, mpaka muundi wa mguu wa mbele, unaopewa watoto na waliojialika. Ukimkosea mtu mfupa, wajukuu zake watakuja kukukumbusha. Kwa hiyo nimetunga programu. Orodha ya wageni huku, orodha ya mama mkwe ya nani ana mfupa gani kule, programu inalinganisha majina na kuchapa kadi za meza. Jina lisilopatikana kwenye mifupa linapewa muundi. Hakuna kubembelezana!

Mke wangu Gülzat akanitumia orodha ya wageni kutoka kwenye simu yake. Nikaifungua. Mikwaruzo ya kuku! Ukurasa mzima, hakuna jina hata moja linalosomeka.

Maksat akapiga simu. Nani kamwambia? Akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Baike, simu inaandika kwa utf-8, jedwali lenye herufi za lugha zote, Windows yako inasoma kwa jedwali la zamani la Kirusi. Kwenye msimbo taja tu kwamba faili ni la utf-8. Neno moja. Usiiache mashine ibahatishe." Baike, yaani kaka mkubwa. Heshima ya mdomoni! Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa naandika programu yeye akiwa bado amefungwa nepi. Namzidi miaka miwili.

Jumanne, 3 Oktoba

Neno moja silitii. Nikitii neno moja, kesho atanipa mawili.

Nimepata njia yangu. Badala ya kuibembeleza Windows, nimeligeuza faili lenyewe liwe la jedwali la Kirusi. Programu ikalalamika kwamba kuna herufi haizijui. Nikaiamuru ifunge mdomo: ukikutana na usichokijua, weka alama ya kuuliza, songa mbele. Ikasonga! Hakuna kosa hata moja kwenye skrini. Nikahifadhi juu ya faili la zamani, nikaenda kujimiminia chai.

Nimerudi. Hasira niliyonayo haiandikiki.

Jedwali la Kirusi halina zile herufi zetu tatu za Kikirgizi. Waliolitengeneza hawakutuuliza. Ata amekuwa ?m?rzak. Mke wangu amekuwa G?lzat. Mimi mwenyewe, mwenye orodha, ni D??l?tbek, kama mtu aliyeng'olewa meno. Na Maksat? Maksat ni Maksat! Mzima, msafi, hana hata mkwaruzo. Jina la mtu huyu halijawahi kuumizwa na mashine yoyote duniani. Nimeipiga meza ngumi. Chai imemwagika juu ya kibodi, na sasa herufi K inagoma.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimeamka na dawa. Kila alama ya kuuliza nimeibadilisha kuwa ö. Kazi ya sekunde mbili.

Gülzat akaja kuangalia. Akauliza Gölzat ni nani, na kama nimeoa mwingine aniambie mapema. Kisha akaona jina la baba yake, akaacha kucheka. Kisha akaona mbaya zaidi. Alikuwa ameweka alama ya kuuliza mwishoni mwa jina la kila mgeni ambaye hajathibitisha kama atakuja, na sasa wageni thelathini na moja wana herufi ö ikining'inia mkiani. Nikasema kosa ni lake, nani anaandika maswali kwenye orodha? Akaniambia mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na kwamba hilo analijua tangu siku ya harusi.

Orodha ya kwanza aliifuta kwenye simu alipoona nimeipokea. Nakala moja tu imebaki duniani, na anayo dada yake Nazira. Nazira, mke wa Maksat!

Nimemwandikia Nazira kwa siri. Nimemsihi asimwambie mumewe. Baada ya dakika nne nimepata jibu, kutoka kwa mumewe.

Alhamisi, 5 Oktoba

Maksat ameleta faili. Majina yote kamili. Isitoshe ameongeza lile neno moja kwenye programu yangu, bila ruhusa, na inafanya kazi, na hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Akaandika chini: "Baike, ukitaka kubadilisha kitu, usilifungue kwa kidaftari cha Windows. Kile cha kwako cha zamani kinabandika alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, na mashine ya ukumbini ni Linux, si Windows, haitaivumilia. Niambie mimi, nitabadilisha."

Nimwambie yeye! Niombe ruhusa kwa Maksat kugusa orodha ya wakwe zangu!

Nilikuwa tayari kuliacha faili kama lilivyo. Naapa. Ila nikaona mpango wa meza ndani yake. Mama mkwe, mama Bübüsara, amemweka Maksat meza ya pili, ubavuni mwa Ata. Mimi meza ya tano, nyuma ya nguzo. Damu ikachemka.

Nikalifungua kwa kidaftari. Nikamhamishia Maksat meza ya kumi na tisa, mlangoni pa jiko, apate moshi na makelele ya sufuria. Nikajiweka mimi meza ya pili. Nikahifadhi. Nikalifungua tena: majina yote yameng'aa, Ata juu kabisa, mstari wa kwanza, kama inavyostahili. Hiyo alama isiyoonekana sikuiona. Maksat ni mwongo. Kuijaribu programu upya sikuona haja, kujaribu ni kwa watu wasiojiamini.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekwenda ukumbini kuchapa kadi. Mashine yao aliiweka Maksat mwenyewe, Linux tupu, hata kitufe cha kuzimia sikukiona mara moja. Nikabonyeza. Kadi mia mbili na arobaini zikatoka moja baada ya nyingine, herufi zetu zote tatu mahali pake. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mwishoni mashine ikaandika: mmoja hakupatikana kwenye orodha ya mifupa, amepewa muundi. Nikacheka peke yangu. Karamu gani ya Kikirgizi haina mtu wa kujialika? Mmoja tu kati ya mia mbili na arobaini! Mama mpishi akauliza kama nisingependa kuangalia ni nani huyo. Nikamwambia apike.

Kisha nikamtafuta mshereheshaji. Nimekubaliana naye atangaze mara tatu kwamba orodha na kadi ni kazi ya Döölötbek peke yake, bila msaada wa mtu. Mara ya mwanzo wageni wakiingia, mara ya pili kwenye chai, mara ya tatu sahani zikifunuliwa. Akasema mara tatu ni nyingi. Nikamsisitizia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye gari, nje ya ukumbi. Sirudi ndani.

Yalianza vizuri. Mshereheshaji alitangaza mara ya kwanza, makofi. Akatangaza mara ya pili, makofi kidogo. Mimi meza ya pili, ubavuni mwa Ata, nimevaa kofia yangu mpya nyeupe. Maksat kule jikoni anapepea moshi. Nje ya dirisha farasi amefungwa utepe mwekundu, na nilianza kumwona mzuri.

Sahani zikaja zimefunikwa, kila moja na kadi yake. Wahudumu wa ukumbi hawamjui mtu, wanafuata kadi tu. Mzee Kasymaaly, kaka yake Ata aliyetoka Naryn, akafunua: nyonga. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bibi huyu, kiuno. Bwana yule, paja. Sawa, sawa, sawa. Ata akafunua yake.

Muundi!

Muundi wa mguu wa mbele, wa kumpa mtoto wa miaka saba, mbele ya mwenye karamu, siku yake ya miaka themanini. Na kadi juu yake imeandikwa vizuri kabisa: Ömürzak. Mzee Kasymaaly akaweka kisu chini. Meza ya pili wakaweka vyao, ya tatu wakaweka vyao, mpaka kwenye nguzo. Na hapo hapo yule mpumbavu mwenye kipaza sauti akatimiza ahadi: "Na kwa mara ya tatu, ndugu wageni, kazi hii yote ni ya Döölötbek, peke yake, bila msaada wa mtu!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Maksat akainuka meza ya kumi na tisa. Mlangoni pa jiko! Hatua tatu tu akawa ndani. Mama mkwe alikuwa amehesabu nyonga mwenyewe, na moja ilibaki sufuriani haina kadi. Maksat akaileta ingali inafuka moshi, kwa mikono miwili, akapita ukumbi mzima nayo, kila mtu akimwangalia. Akapiga goti mbele ya Ata. Lau angekaa meza ya pili asingejua hata jiko liko wapi.

Ata hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuinua muundi, akasema, "Döölötbek mwanangu, sogea. Mashine yako imesema mimi ni mtoto na nimejialika. Basi mtoto anakugawia chakula chake." Akanipa ule muundi kwa mkono wake mwenyewe. Kinachotoka mkononi mwa mzee hakikataliwi. Nimeula mbele ya watu mia mbili na arobaini, mpaka mfupa ukabaki mweupe. Gülzat alikuwa anaangalia sakafu, na hilo limeniuma kuliko meno ya farasi.

Sasa hivi Maksat yuko uani, juu ya farasi, anazunguka. Watoto wanamshangilia. Hata kupanda hajui, lakini farasi hajamuuma.

Jumatatu, 9 Oktoba

Maksat ameniandikia. Eti ile alama isiyoonekana iliganda mbele ya jina la mstari wa kwanza. Kwa macho ni Ömürzak, kwa mashine ni mtu mwingine kabisa, hivyo mifupa haikumjua. Eti ni neno moja jingine la kuongeza kwenye msimbo, na yuko tayari kuja kunionyesha. Na picha ya farasi chini. Nimefuta ujumbe wote.

Lakini kichwa changu bado kinafanya kazi. Kwa nini nibadilishe msimbo, wakati kosa liko kwenye nafasi? Mstari wa kwanza una mkosi, basi! Mwezi wa tano mama mkwe anatimiza miaka sabini na mitano. Nimejitolea kutengeneza orodha. Hakuna aliyenijibu, na kunyamaza ni kukubali. Gülzat amesema kitu kuhusu kurudi kwao kwa muda, nitamsikiliza nikimaliza.

Nimefungua kidaftari. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, nimeandika Maksat. Aule yeye muundi, mbele ya ukoo wote, na farasi wake! Nimecheka mpaka machozi.

Kisha nikaona haifai. Mwenye karamu ni mama Bübüsara, mwanamke ambaye hata Ata humwomba ruhusa ya kukohoa. Atachapwaje chini ya Maksat? Heshima kwanza. Nimempandisha mama mkwe juu kabisa, Maksat akafuata mstari wa pili, na nimehifadhi.