Amri ya Kuitenganisha Epoksi

Kurugenzi ya Taifa ya Ukavu wa Zege iliwatangazia wananchi wote wa Kibondo na Kasulu, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuvuja kumekomeshwa. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, na gari lilipita sokoni, likapita stendi, likaenda hadi kwenye mashamba ya mihogo ambako hakukuwa na zege la kuvuja wala la kutovuja. Kuanzia leo, ilisema sauti, zege lolote litakaloruhusu maji kupita litahesabiwa kuwa linahujumu maendeleo.

Sauti ilikuwa ya Castory, Mratibu wa Ukavu wa Kibondo. Angeweza kumwachia dereva kazi hiyo, lakini dereva alikuwa na lafudhi ya Kiha, na Castory, aliyeletwa huku kikazi kutoka mbali, aliamini kwamba ukavu hautangazwi kwa lafudhi.

Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu: kiti cha Mratibu wa Kanda, kule Kigoma mjini, kwenye ofisi yenye zulia na kiyoyozi. Kiti kilikuwa wazi. Mkurugenzi Mkuu wa Ukavu, Dokta Mansuri, alikuwa ameahidi kuja Kibondo kuzindua tanki la mfano, na akilikuta limejaa maji na halitoi hata jasho, atajua kiti ampe nani.

Tanki la mfano lilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, katika kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji. Lilijengwa kwa zege likinge maji ya mvua kutoka kwenye bati la wodi, na lilikinga kweli, ila halikuyatunza. Maji yaliingia kwa juu na kutokea ubavuni, kwenye nyufa, kwa adabu, bila kelele. Mvua zikikata, kitu kikavu kuliko vyote pale kituoni kilikuwa bomba. Ndipo wakwe na mama wa wazazi walipobeba ndoo kushuka mtoni na kupanda tena, huku wodini binti zao wakisukuma.

Safari hii mawingu yalikwishaanza kujikusanya upande wa Burundi. Sista Asmahani, mkunga mfawidhi wa wodi, aliyatazama kila asubuhi kama mtu anayemtazama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva. Tanki likizibwa kabla ya mvua, wodi ina maji mwaka mzima. Lisipozibwa, mtoni.

Dawa ya kuziba ilifika. Ilikuwa epoksi, rangi nzito ambayo ikikauka juu ya zege huwa ngumu kama kigae na maji hayapati pa kupenya. Ilikuja katika makopo ya aina mbili, A na B. B ndiyo ile ya kuigandisha A, ambayo mafundi wa kupiga magari rangi huiita hadina. Kila kopo lilichorwa picha ubavuni: makopo mawili, mishale miwili, ndoo moja, na mkono ulioshika mti ukikoroga. Mtu asiyejua kusoma angeielewa bila shida. Kwa bahati mbaya, wote waliohudhuria kikao cha mgawanyo walikuwa wanajua kusoma.

Kikao kilifanyika Kasulu, kwa mwenyeji wao Nurudini, Mratibu wa Ukavu wa huko.

"Kasulu hatukubali kupunjwa," alisema Nurudini, akafungua soda. "Safari iliyopita Kibondo walichukua kipaza sauti."

"Hakuna atakayepunjwa," alijibu Castory. "Makopo ya A yote yaje Kibondo. Ya B yote yabaki Kasulu. Kila wilaya na herufi yake. Hapo nani atasema kaonewa?"

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja, ambaye hakuwa amelala vizuri usiku, aliuliza kuhusu zile picha.

"Ndugu mjumbe," Castory alimwambia kwa upole, "picha si waraka."

Wakapigwa picha wakipeana mikono, na kila mmoja akaondoka na haki yake.

Kibondo walipaka A ndani ya tanki lote. Kesho yake iling'aa vizuri sana. Kesho kutwa iling'aa vilevile. Castory aliigusa kwa kidole, kidole kikarudi na uzi mrefu kama wa urimbo wa kunasia ndege. Kuku wa mlinzi alirukia ukingo wa tanki kwa shughuli zake binafsi, hakumaliza safari. Taarifa iliyokwenda makao makuu ilisema kwamba ukavu umefikia hatua ya unyevu wa kuridhisha.

Nurudini alipiga simu.

"Kwenu vipi?"

"Inang'aa. Kwenu?"

"Kwetu inanuka. Kama dagaa walioloweshwa wakasahauliwa. Na mpakaji anajikuna hadi leo."

"Imekauka lakini?"

"Aa, wapi! Imelowa zaidi ya mwanzo."

"Haya bwana," alisema Castory. "Kila wilaya na mazingira yake."

Alipokata simu alimkuta Sista Asmahani amesimama mlangoni na kopo tupu mkononi. Nyuma yake alikuwa Bi Nduwayezu, bibi mwenye ndoo kichwani, ambaye mkwe wake alikuwa wodini akisubiri kujifungua.

"Shikamoo bosi," Asmahani alianza, kwa sauti ambayo haikuwa na shikamoo ndani yake. "Kopo hili limechorwa. A inakorogwa na B. Bila hadina, ule urimbo wako utakauka siku ya kiama, asubuhi."

"Sista, wewe ni mkunga. Mkunga anatoa watoto, hatoi maoni ya zege."

"Na hao watoto nikishawatoa niwaoshe na nini? Na waraka?"

"Mawe, mama yangu!" Bi Nduwayezu aliguna kwa Kiha. "Huyu hajawahi kuzaliwa. Alisainiwa tu."

Castory alivumilia. Uongozi ni kuvumilia. Alieleza kwamba kuchanganya mali za wilaya mbili kunahitaji kikao cha ujirani mwema, na kikao kinahitaji ajenda, na ajenda inahitaji kikao cha ajenda. "Tena fikiria vizuri. Kasulu wakitupa B, watataka tuwape A. Tutabaki na nini sasa?"

"Na epoksi," alisema Asmahani.

Castory alimwambia asimfundishe kazi, akamtakia siku njema.

Siku njema ya Asmahani ilianza kwa simu. Alimpigia Esteria, muuguzi waliyesoma chuo kimoja, ambaye sasa alikuwa na zahanati yake Kasulu, pamoja na tanki linalonuka nyuma ya zahanati na makopo ya B yaliyobaki stoo.

"Shoga, nataka nusu ya uvundo wako."

"Chukua wote, mwenzangu. Wagonjwa wangu wanapona kwa lazima ili waondoke."

A ina rangi ya asali, na Kibondo hutoa asali, kwa hiyo nusu ya ile iliyobaki ilisafiri kwenda Kasulu kwa basi ikiwa asali. B ilirudi na basi hilohilo ikiwa dagaa, na kwa harufu ile kondakta hakuwa na swali.

Wale mama na wakwe waliokuwa wakisubiri wajukuu walifunga vitambaa puani, wakaingia ndani ya tanki. Walikwangua urimbo wa serikali kwa visu butu, wakasugua zege kwa brashi za waya hadi likatoa vumbi, wakaliacha likauke kabisa. Kisha wakakoroga A na B kama picha ilivyoagiza, kidogo kidogo, kwa sababu epoksi ikishakorogwa haimsubiri mtu. Wakapaka. Wakaacha. Wakapaka tena. Waliimba Kiha muda wote, na nyimbo zile hazikumtaja Castory kwa wema.

Habari zilimfikia wakiwa kwenye ndoo ya mwisho. Alifika mbiombio na gari, na muhuri wa ofisi mfukoni, maana Castory hakuwahi kuuacha muhuri nyuma. Alikwenda nao hata msalani.

"Simama! Hiyo ndoo ni kielelezo!"

"Chukua, bosi," alisema Asmahani, akaiweka chini. Ilikuwa imejaa nusu, na mti wa kukorogea umesimama katikati.

Kielelezo, ili kiwe kielelezo, lazima kipigwe muhuri. Castory aliutoa muhuri, akaukandamiza juu ya ule uso laini kwa heshima zote za ofisi. Aliuacha ukae hapo kidogo ili alama iingie sawasawa, akageuka kuwahutubia akina mama juu ya utawala bora. Hotuba ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia ndefu.

Ndoo ilianza kutoa moshi.

"Bosi," dereva alisema, "inachemka."

"Haiwezi kuchemka, haijaruhusiwa."

"Ina homa," alisema Bi Nduwayezu, akisogeza kiganja karibu. "Mpeni maji. Ooh, nilisahau, maji hamna."

Moshi ulipotulia, Castory alivuta muhuri. Ndoo ikaja nao. Akaweka guu juu ya ndoo, akavuta tena kwa mikono miwili, akaanguka chali, na muhuri ukabaki palepale wima, umezama hadi shingoni katika kitu kigumu kuliko kauli zake zote.

Jioni ile kipaza sauti kilizunguka tena mjini. Mratibu wa Ukavu alitangaza Amri ya Kutenganisha. Yeyote aliyechanganya A ya Kibondo na B ya Kasulu bila kibali atazitenganisha kwa mikono yake mwenyewe, A irudi kwenye kopo la A na B kwenye kopo la B, akianzia na ile iliyo ndooni. Na hadi atakapomaliza hatakuwa na kazi, mshahara wala cheo. Hakumtaja mtu. Kila mtu alimjua. Kisha Castory alimsomea Dokta Mansuri amri yote kwa simu, neno kwa neno, na Dokta Mansuri akafurahi mno.

"Safi sana. Na asionewe huruma mtu yeyote."

Usiku wakunga wengine walimshika Asmahani mkono, wakamuuliza atafanyaje. Alikuwa na wanawe shuleni Kakonko wanaoutegemea mshahara ule. Alisema hajui. Alisema pia kwamba tanki akilibomoa yeye ili atenganishe A na B, basi Mungu amkate mikono. Akaenda kumpokea mjukuu wa Bi Nduwayezu, ambaye hakuwa na habari na mambo yote hayo, akazaliwa.

Mvua ilishuka kabla ya amri kutekelezwa. Ilipiga bati, ikajaza mfereji, ikaingia tankini. Castory alikwenda kutazama akiwa na mwavuli na matumaini ya kuona nyufa. Alizunguka mara ya kwanza. Alizunguka tena. Ukuta wa tanki ulikuwa umelowa mvua kwa nje, na mvua ilipokata ukakauka, na maji yakabaki ndani. Alikasirika, kisha akakumbuka kiti, akaacha kukasirika.

Dokta Mansuri alifika na msafara. Alipitisha kiganja kwenye ubavu wa tanki, akakitazama kiganja. Kikavu. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, akalifunga. Akina mama walikuwa wamesimama kando, Asmahani mbele yao, sare yake imepigwa pasi kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

"Hili," alisema Dokta Mansuri, "ndilo tanki. Nimezindua mengi, hili ndilo la kwanza kunipa maji. Nani amefanya kazi hii?"

Asmahani alivuta pumzi, akafungua mdomo. Lakini Castory alikiona kile kiti, akaliona zulia, akausikia ubaridi wa kiyoyozi shingoni, na miguu yake ikatangulia mbele kabla ya akili.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Wewe? Binafsi?"

"Kwa mikono yangu hii."

Asmahani alifunga mdomo. Aliutazama uso wa Castory, akautazama wa Dokta Mansuri, na kitu fulani kikapita usoni mwake, kikatulia.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu. "Alikoroga A na B mbele ya macho yetu. Tulimsihi asifanye, kwamba hakuna kibali. Hakutusikia."

"Ego, ndiyo!" Bi Nduwayezu alidakia, mjukuu mgongoni. "Mimi nilimshikia ndoo. Nikamwambia mwanangu, acha, utafungwa. Akanisukuma!"

"Mheshimiwa, si hivyo," Castory alianza.

"Si wewe uliyepaka?" aliuliza Dokta Mansuri.

"Ni mimi, lakini..."

"Bila kuchanganya?"

Castory aliitazama njia ya kwenda mbele, akaitazama ya kurudi nyuma. Zote mbili alikuwa amezifunga yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Dokta Mansuri alikuwa mtu wa misimamo. Alimpa mkono wa pongezi kwa tanki bora katika historia ya Kurugenzi, na mkono ulipokuwa bado hewani akamvua cheo. Aliwaambia waandishi kwamba siku hiyo taifa limepata tanki na mkosaji kwa safari moja ya gari, na huo ndio ubanaji wa matumizi. Kiti cha Kanda alipewa Nurudini, mtu asiye na doa, ambaye hakuwa amechanganya kitu chochote maishani mwake na hakuwa amelisogelea tanki lake tangu linuke, hivyo hakujua kwamba nalo limepakwa upya na Esteria.

Barua ya kumsimamisha Castory iliandikwa papo hapo. Haikuweza kupigwa muhuri. Basi hakuwa amesimamishwa, na hakuwa kazini. Alikuwa pale tu, juu ya tofali kando ya bomba nyuma ya wodi, na patasi na nyundo na ile ndoo katikati ya miguu, akitafuta A ilipoishia na B ilipoanzia.

Wazazi walipita na kumpa pole. Bi Nduwayezu alikuja na beseni la nepi, akamwomba asogeze miguu apate nafasi ya kuchota. Castory, bila kuinua kichwa, alimuuliza kama ana kibali.

Bi Nduwayezu alifungua bomba hadi mwisho.