Turudishieni Magari Yetu, Mtaa wa Tamarack

Chester Wojtanik,
Fundi breki mstaafu,
Mtaa wa Tamarack,
Pittsburgh.

Mheshimiwa Diwani Rosalyn Petrak,

YAH: VIZUIZI VIONDOLEWE, KELELE ZIRUDI

Natumai u mzima wa afya. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Tangu theluji ilipoyeyuka mmeweka vizuizi vya mbao na mapipa ya maua kwenye ncha zote mbili za mtaa wetu. Sisi wakazi tunaingia na magari yetu polepole, lakini wale waliokuwa wakikatiza hapa kukwepa foleni ya darajani wamepigwa marufuku, na barabara wameachiwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Nasikia baraza litapiga kura vizuizi vibaki daima au viondolewe. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba kwa unyenyekevu myasikie madhara yaliyonipata.

1. Ukimya. Mkabala na nyumba yangu anakaa mdogo wangu, Leonard. Hatujasemezana tangu ile theluji kubwa, miaka mingi sasa. Desturi yetu unaijua: aliyepiga koleo akalichimbua gari lake kwenye theluji, akiondoka huweka kiti pale, na mahali pale huwa pake. Sheria hii haikuandikwa popote, na ndiyo maana inaheshimiwa. Mimi niliweka kiti cha jikoni cha marehemu mama yetu, chenye miguu ya chuma na kikalio cha njano. Niliporudi kutoka kanisani nikakuta gari la mtu nisiyemjua limekaa mahali pangu, na kiti changu kiko barazani kwa Leonard. Ndugu wa tumbo moja! Nilivuka nikakichukua, hata salamu sikumpa.

Kuanzia siku hiyo tuliishi kwa amani kamili, kila mtu upande wake, na magari yakinguruma katikati kutwa nzima. Huwezi kugombana na mtu usiyemsikia. Sasa namsikia, Mheshimiwa. Namsikia akitafuta miwani yake na kuilaani. Juzi alipiga chafya, na mimi kwa malezi ya mama nikajikuta nimesema dirishani, "Afya!" Naye akajibu, "Asante, kaka," kabla hajakumbuka kwamba tumenuniana. Wote wawili tulifunga madirisha. Nilikaa na aibu hiyo mpaka chakula cha jioni.

2. Kiti. Kile kiti sikukirudisha jikoni tena. Kinakaa nje masika na kiangazi, kwa msimamo tu, ili watu wajue. Sasa watembeaji wenu wanadhani ni kiti cha kupumzikia. Bi Philomena Tarquinio wa mwisho wa mtaa, ambaye kwa kuogopa malori alikuwa haonekani nje, siku hizi anapanda kilima kwa miguu kwenda kanisani, na akifika kwangu anaketi kana kwamba kiti ni cha mahari yake. Nilipomweleza sheria alinitazama akasema, "We Chester, theluji iko wapi? Niletee mto, kigumu hiki."

Nimeleta mto. Ningefanyaje?

Akishaketi hapo hana siri. "Leonard! Kaka yako amekonda!" Leonard kutoka ng'ambo: "Mwambie ale." Naye: "Mwambie mwenyewe, mimi si posta!" Kesho yake nikakuta mlangoni bakuli la tambi na kabichi, vimekaangwa kwa kitunguu na siagi vile vile alivyofanya mama. Nilikula vyote, lakini bila kukubali.

3. Salamu. Zamani kumsalimu jirani ilitosha kuinua kidole kimoja kwenye usukani. Sasa wanauliza goti lako linaendeleaje, halafu wanasimama kungoja jibu.

4. Baiskeli. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonitia kalamu mkononi. Leonard amenunua baiskeli. Mzee mzima, kofia ngumu kichwani kama bakuli la saladi, anapanda na kushuka mteremko wa Tamarack mbele ya watu wanaotufahamu. Nimetengeneza breki maisha yangu yote, na breki mbovu naijua kwa sikio. Ya nyuma ilikuwa inalia. Ya mbele haikulia kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana haikuwa inashika. Wakati wa magari nisingesikia lolote, na Leonard angejivunjia shingo yake bila kunisumbua.

Nasema kweli, Mheshimiwa: niliogopa. Nilitoka na spana na raba mpya za breki nikasimama katikati ya barabara, mahali ambapo mwaka jana ningekuwa chapati. Akasimama kwa kuburuza viatu. Nikainama, nikaanza kubadilisha raba.

"Kaza kidogo," akasema.

"Nakaza. Unanifundisha kazi?"

"Hujabadilika hata chembe."

"Shikilia baiskeli, wacha maneno."

Naomba baraza liamue kama hayo yanahesabika kuwa ni kusemezana. Msimamo wangu ni kwamba hayahesabiki. Lakini tazama mlivyonifanya: mstaafu, nimerudishwa kazini bila ujira, kumhudumia adui yangu.

Kwa hiyo naomba vizuizi viondolewe. Hilo likishindikana, baraza likodi lori moja lipite huku na huku kila Leonard anapotoka kuketi barazani kwake. Na kama mafuta ni ghali, si lazima litembee. Liegeshwe tu mbele ya dirisha langu, injini ikiwaka, na dereva apige honi kila anaposikia chafya. Hasira hii nimeitunza miaka yote kama watu wanavyotunza gari la kale, sikuiacha ipate kutu hata siku moja. Si haki iharibikie mikononi mwangu kwa ajili ya mapipa ya maua.

Wasalimie madiwani wenzako wote, karani wako mwenye sauti ya upole, na wale waliokuja kupanga mapipa. Waambie maua hayajambo. Namwagilia mwenyewe kila asubuhi ili mali ya umma isipotee, wala si kwa sababu nyingine.

Ni mimi mkazi wako, mwenye heshima nyingi na masikio yanayosikia kupita kiasi,

Chester Wojtanik

Nyongeza: Bahasha nimelazimika kuifungua tena. Bi Philomena aliiona mkononi mwangu akauliza nimeandika nini, nikamwambia. Akasema barua inayomtaja mtu lazima mtu huyo aisome, akaninyang'anya, akavuka nayo. Leonard aliisoma amesimama. Alipofika kwenye habari ya kiti akaacha kusoma, akavuka barabara mwenyewe.

"Kaka," akasema, "kiti kiligongwa na gari la hao wakatizaji, kikaruka mpaka ngazini kwangu. Nilikiokota kisije kikavunjwa na lingine. Ni kiti cha mama kile. Na nilikuambia siku ile ile ulipokuja kukichukua."

Nikamwambia, "Hukuniambia neno."

"Nilikuambia, tena kwa kupaza sauti. Lilikuwa linapita lori."

Mheshimiwa, nimekaa muda mrefu nikilifikiria lori hilo. Nimelia pia, sioni sababu ya kuficha. Tafadhali, kila palipoandikwa "viondolewe" soma "vibaki", na lile ombi la lori lifutwe kwa wino mzito. Viti vya mama tuligawana, na Leonard ameleta kimoja cha kwake. Sasa viko viwili nje, na Bi Philomena amekwisha kuulizia cha tatu. Siku ya kura tutateremka wote kwa miguu. Msianze bila sisi, maana tutachelewa: tuna maneno ya miaka mingi ya kumalizia njiani.