Picha ya Siku ya Kwanza

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ngazi, pembeni ya kinyozi, na watu wote wenye kazi zao walilipita bila kuligusa kwa macho. Ukosi hakuwa na kazi yake, kwa hiyo alilisoma. Chama cha Wapiga Picha wa Ridhaa kilikuwa kinatimiza miaka hamsini. Kitabu cha kwanza cha mikutano kilikuwa kimeliwa na mchwa, na hakuna mwanachama aliyejua nani alikianzisha chama. Mwanzilishi, au mtoto wake, ajitokeze Jumamosi yoyote na ushahidi, akabidhiwe kamera ya kwanza pamoja na barua yenye muhuri.

Alilisoma tena, safari hii akiwa amevua kofia.

Kamera hiyo aliwahi kuiona. Ilikaa kwenye kabati la kioo huko juu, ya mbao na shaba, kubwa kama kibanda cha kuku. Na alimjua muuza vitu vya kale ambaye angeichukua siku hiyo hiyo, ila mzee yule alikuwa amechoka kuletewa vitu visivyo na barua. Sasa hapa palikuwa na kitu na barua yake.

Jina la Ukosi lilitokana na ukosi wa shati lake, mweupe, mkavu kama biskuti. Shati lenyewe halikuwahi kuonekana, maana koti halikuvuliwa, na wapo waliosema halikuwepo. Kwa ukosi huo alikwisha kuuza saa zisizo na mashine, nusu ya uchochoro wa manispaa, na bima ya kwikwi. Wa kwikwi walikuwa wateja walioridhika kuliko wote.

Kupiga picha hakujua. Ila alijua wanachama hukutana Jumamosi tu, na siku nyingine zote ndani huwa na mtu mmoja: mama mtu mzima aliyefagia, akapanguza vumbi kwenye ile kamera, na kuwasafishia wanachama picha zao kwenye chumba cha giza. Walimwita Bi Giza. Alifunga kilemba chenye ncha mbili zilizosimama kama masikio ya sungura, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa sababu ya ndoo.

Ukosi alimwamkia kwa heshima zote, akakaa, akamweleza kwamba marehemu baba yake ndiye mwanzilishi, ila ushahidi uliungua, na sasa alihitaji mwingine wa kufanana nao.

Bi Giza akakamua tambara. "Chama nilikianzisha mimi," akasema.

Ukosi akacheka cheko la mtoto mwema. "Na uliwaambia?"

"Niliwaambia. Mtu mwenye fagio mkononi akisema ameanzisha chama, wanamwonyesha pembeni ambapo hajafagia."

"Pole, mama," akasema Ukosi, naye akatazama pembeni. Kweli palikuwa pachafu. Akarudi kwenye mambo ya maana.

Walielewana upesi mno, na mtu mwingine angeshtuka. Bi Giza alikuwa na funguo. Alikuwa na vioo vya zamani vya kupigia picha, pakiti nzima, mle nyuma ya ndoo. Alikubali kuipiga picha ya siku ya kwanza kwa kamera ile ile. Ujira hakutaka. Alitaka neno moja tu: Ukosi akishasimama mbele ya wanachama akaapa kwamba hii ndiyo picha ya siku chama kilipoanza, asibadilishe maneno.

"Mama, mimi na kubadilisha maneno?" akasema Ukosi, na hilo likamuuma kidogo, kwa jinsi alivyokuwa mwongo wa uaminifu.

Jumatano alasiri akakusanya wanaume sita kutoka benchi la kinyozi, wawili wao, mmoja msukuma mkokoteni, wakiwa wamenyolewa upande mmoja. Akawavisha makoti aliyoazima kwa dobi bila kumsumbua dobi, akawapanga uani. Katikati, juu ya kiti, akakaa yeye mwenyewe amebandika masharubu, awe baba yake. Bi Giza akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, jua likiwa mgongoni kwake, akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka.

"Kaa vizuri, mwanangu. Usipepese."

Picha aliichovya kwenye chai ya rangi mpaka ikazeeka miaka hamsini kwa dakika kumi. Ukosi alizitazama nyuso zote saba, wa kwake mara nyingi zaidi, akaridhika. Hakutazama chini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu aliyezoea kusema peke yake mbele ya midomo iliyo wazi. Katibu alikuwa muuza miwani. Ukosi alitoa hotuba iliyowaliza watatu, akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hii ndiyo picha ya siku chama kilipoanza, akaiweka mezani.

Mwenyekiti alimtambua babu yake pale pale. Alikuwa yule msukuma mkokoteni, mwenye nusu ya nywele. "Alikuwa na shida ya ngozi ya kichwa," akaeleza, akafuta macho. Mwanachama mwingine akampata baba mkubwa wake, na kuna aliyempata shemeji. Ukosi akaanza kuitazama kamera kama mtu anayetazama mzigo na kufikiria aushike wapi.

Lakini wale walikuwa wapiga picha, na wapiga picha wana ugonjwa wao. Sura huwashughulisha dakika moja tu. Baada ya hapo hutaka kujua mwanga ulitoka wapi, kivuli kililala wapi, na aliyepiga alisimama wapi. Ukutani, juu ya kabati, kulikuwa na kanuni ya kwanza ya chama, ambayo Ukosi alidhani ni pambo: Picha ni ya aliyeipiga, si ya aliyemo.

Katibu akavaa miwani juu ya miwani. "Nani aliipiga?"

"Baba," akasema Ukosi.

"Baba yako si huyu katikati?"

"Ndiye."

"Ameipigaje na amekaa?"

Ukosi akasema basi alikuwa rafiki tu, mpita njia. Katibu akamkumbusha kwamba siku hiyo chama kilikuwa na kamera moja na mwenye kamera mmoja, na kwa kanuni, mwenye kamera ndiye mwanzilishi. Ukumbi mzima ukaitikia. Kisha mwenyekiti akaweka kidole chini ya picha, mbele ya viatu vya waliopigwa. Palikuwa na kivuli kirefu. Miguu mitatu ya kamera. Pembeni yake mtu aliyevaa gauni, bega la kushoto limeshuka, na kichwani masikio mawili ya sungura.

Mlangoni Bi Giza alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Taa ilimpiga kwa nyuma, na kivuli chake kikalala sakafuni mpaka miguuni mwa mwenyekiti. Wakatazama picha. Wakatazama sakafu.

"Mama," akasema Ukosi kwa sauti nyembamba, "waambie ukweli."

"Niseme ukweli, mwanangu?"

Ukosi akafikiria makoti ya dobi. Akafikiria masharubu, yaliyokuwa bado mfukoni. Akatikisa kichwa.

"Lakini nitausema," akasema Bi Giza, akaweka sinia chini. "Picha hii nimeipiga mimi, kwa kamera hii, pale uani. Na huyu bwana ameshaapa ni ya siku gani."

Kamera alipewa jioni ile, na barua, na muhuri mara mbili. Mwenyekiti alimwomba radhi mpaka akamchosha.

Ukosi naye walimtukuza, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwanachama wa kwanza tena amerithi sura nzima. Walimkalisha kwenye kiti cha baba yake, wakampiga picha wote arobaini, ubavu, mbele, akitabasamu, akiomba maji. Jumatatu picha hizo zilikuwa zimebandikwa kwenye kila duka la mtaa, kubwa kama madirisha, kwa ajili ya maonyesho ya jubilei. Wenye saa wakamwona. Wa uchochoro wakamwona. Dobi alisimama mbele ya moja kwa muda mrefu, akitazama koti alilolitafuta tangu Jumatano. Tapeli anaweza kuishi bila shati, lakini si bila uso usiojulikana.

Alipofika kituo cha mabasi na begi lake, amejifunika kofia mpaka puani, alikuta foleni. Abiria walikuwa wakipigwa picha za safari. Mbele yao kamera ya mbao na shaba, na kilemba chenye masikio.

Bi Giza alimjua kwa ukosi. Akamwita mbele ya wengine, kwa upole, kama mtu wa nyumbani.

"Miezi minne lile tangazo lilikaa pale mlangoni," akamwambia. "Nililiandika mwenyewe. Niliogopa mwongo mzuri hatapita."

Ukosi alikaa kwenye kiti cha abiria, begi magotini.

"Kaa vizuri, mwanangu," akasema Bi Giza, akaingia chini ya kitambaa. "Usipepese."

Na Ukosi, kwa mazoea, akanyoosha ukosi.