Sarafu ya Ndege Mla Nyoka

Jumatatu, 12 Novemba 1934

Leo nimechelewa kufungua duka. Kofia yangu nzuri haionekani. Mke wangu, Mama Sitara, kaenda Mchikichini kusaidia kwenye arusi, maana mwezi huu wa Shaabani kila nyumba ina arusi. Nikapekua chumba peke yangu. Chini ya kitanda, ndani ya kijikapu chake cha ukindu, nimekuta sarafu. Kofia sikuikuta.

Sarafu gani hii! Kubwa, nzito, nyeusi kama chungu. Si shilingi. Si rupia ya Mdachi, hizo nazijua, nimesoma skuli yao. Wala si riale ya yule bibi mwenye kifua. Upande mmoja ndege kambana nyoka mdomoni. Upande wa pili pana donge jekundu, gumu, limeganda. Chini ya donge lazima pana kitu. Watu hawafuniki bure.

Basi itakuwa ya marehemu mkwe wangu, Mzee Ubeid, aliyefanya biashara mpaka Maskati. Kumbe mzee alikuwa na hazina, na mimi akanipa binti na godoro tu!

Sitamwambia Mama Sitara. Nitamshangaza. Jirani yangu Ghanim kanunua gramafoni, na watu wote waliokuwa barazani kwangu sasa wako kwake. Hata wale wa bao, na bao lenyewe ni langu. Nikiiuza hii, naleta gramafoni yenye pembe kuipita yake. Na safari hii si kama wale bata niliowafuga Jangwani. Wale ni mto Msimbazi ulikuja kuwachukua.

Jumanne, 13 Novemba

Nimetoka na sarafu mfukoni. Nilikusudia asiione mtu. Ghanim kaiona.

Kasema ni ya Mdachi, maana Mdachi ndiye mwenye tai. Nikamwambia tai wa Mdachi hali kitu, katanua mabawa tu. Akaniuliza, miaka yote ile ndege hajala, sasa mimi namwonea wivu kapata nyoka mmoja? Baraza zima likacheka. Kisha akaliona lile donge, akarudisha mkono nyuma. Akaniambia, Sheikh Zahoro, hiyo irudishe ulikoitoa. Wivu tu.

Mchana Mama Sitara katoka tena. Nikachemsha maji. Nikalitumbukiza donge, nikalichokoa kwa kisu, likatoka vipande. Hamna johari. Hamna chochote! Chini yake pana kofia tu, inatoa miale kama jua. Vile vipande nikavitupa chooni. Nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka kucha zikaniuma. Inang'aa kama jino la sonara! Na maandishi yametokea: MEXICANA. Sijui ni jina la mfalme au la ndege.

Jumatano, 14 Novemba

Nimekwenda mtaa wa Gerezani, kwa Polycarp, karani wa reli. Bwana mkubwa wake ni Mzungu anayekusanya sarafu za kale, anazilaza kwenye vitambaa vya mahameli kama watoto wachanga. Polycarp kanionyesha kwenye ramani ya ukutani: Meksiko. Huko Amerika, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Nikajiona mrefu. Nani Kariakoo nzima ana kitu cha Meksiko?

Polycarp akaingia nayo ndani. Akatoka na uso wa matangani. Bwana mkubwa anauliza nani kaiosha. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi, kwa mkono wangu. Polycarp akasema bwana mkubwa anakusanya uzee, hakusanyi mng'aro. Sarafu hii ilikuwa nzee na nzuri, na mimi nimeichuna ngozi. Sasa ni fedha tupu, nipeleke kwa sonara aifanye pete.

Nimeirudisha kijikapuni kabla Mama Sitara hajafika. Hakuna aliyejua. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 16 Novemba

Siku njema. Sindano ya gramafoni ya Ghanim imekatika. Nyumbani wanawake wanaingia na kutoka kwa mlango wa uani kununua udi kwa Mama Sitara, maana arusi haifukizwi kwa maneno. Biashara ya uani ni ya wanawake, mimi siingizi pua. Namsikia tu akisema, wakia hii, na wakia hii.

Jumapili, 18 Novemba

Siku mbaya. Naandika hivyo hivyo.

Leo kaja Bi Azza, anayemwoza bintiye Alhamisi. Kaja na udi aliouziwa na mizani yake mwenyewe kwapani. Uani palikuwa pamejaa. Kasema kapima kwake kwa riale, ambayo uzito wake ndio wakia, na kila wakia ni pungufu. Kisha akasema, na sauti hakuipandisha: Mwanamize, mama yako ameuza udi mpaka anakufa na hakuna aliyemrudishia. Wewe umeanza lini?

Mama Sitara akaapa. Akaenda chumbani akaleta jiwe lake la kupimia. Mimi nilikuwa ukumbini, nyuma ya pazia. Nikaona anachotoa kijikapuni. Ndege na nyoka wake!

Wakaiweka kwenye mizani, riale ya Bi Azza upande wa pili. Ndege akapaa. Mama Sitara, aliyezoea kuiweka mizanini bila kuitazama, akaigeuza, akaitazama, akaita, "Baba Sitara! Lakiri iko wapi?"

Sasa najua, na heri nisingejua. Riale ya kweli ya kupimia, mama mkwe alimpa sonara aifue mitali ya arusi ya Mwanamize. Mitali ile ile iliyolia miguuni siku naingia kwake. Ikabaki sarafu hii ya Mzee Ubeid, nyepesi kidogo kuliko riale. Mama mkwe akaidondoshea lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua, tone kwa tone, mpaka mizani ikalala sawa. Hiyo ndiyo wakia yao. Na mimi nimeitupa chooni.

Nilitoka nyuma ya pazia nikasema mbele ya wote. Nilidhani Mama Sitara atapiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kujificha. Hakupiga. Alilia bila sauti, akaanza kukunja mkeka wake wa biashara. Kasema nani tena atanunua kwa mwizi.

Bi Azza akanitazama toka kichwani mpaka vidoleni. "Zahoro mwanangu, jina la mkeo umelivunja uani. Utaliunga barazani."

Jumatatu, 19 Novemba

Nimeliunga. Mama Sitara kaazima riale ya Bi Azza, kapima upungufu wa kila mtu, kafunga kwenye vikaratasi. Mimi nikabeba, nyumba kwa nyumba, toka Msimbazi mpaka Mchikichini. Kila mlango: hodi, mke wangu hajaiba, mwenye kosa ni mimi, nilisugua sarafu. Bibi mmoja kanifanya nirudie, kisha kamwita dada yake ambaye hakusikia, nikarudia. Dada akauliza nilisugua kwa nini. Nikasema kwa ndimu. Akasema hakuuliza hivyo.

Nilipofika mtaani kwetu, gramafoni ilikuwa inaimba, sindano mpya. Ghanim akaizima ili watu wanisikie vizuri. Nikasema yote, nimesimama juani. Hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma zaidi. Kisha Ghanim akaita ndani, akamwambia mkewe Thuraya aende kwa Mwanamize akanunue udi, na apite mlango wa mbele watu wamwone.

Alisema irudishe ulikoitoa. Neno la maana kuliko yote niliyoambiwa, nami nikaliita wivu.

Jumatano, 21 Novemba

Wamerudi! Mkeka umetandikwa tena. Bi Azza ndiye kaanza, kanunua mbele za watu na mizani yake kaiacha kwao. Mama Sitara kanunua jiwe la shaba lenye mhuri wa serikali. Jioni kaniita. Kanikalisha, kanipa chai, kisha kaniwekea ile sarafu kiganjani. Kasema, "Baba Sitara, hii ikae kwako. Kila ukiishika, ukumbuke."

Nimelia, mtu mzima na ndevu zangu. Nimeweka nadhiri: kitu chake sigusi tena bila kumwuliza, hata uzi. Sarafu nitakaa nayo mpaka kaburini.

Alhamisi, 22 Novemba

Polycarp kapita dukani kununua kioo cha taa. Mazungumzo tu, kaniambia bwana mkubwa wake anaondoka kwa meli ya wiki ijayo kwenda Ulaya, na mpaka leo anamsikitikia yule ndege. Weusi ule tu! Ungekuwepo angemchukua.

Nimefikiri sana. Mama Sitara alisema nikumbuke, hakusema sarafu iwe na rangi gani. Na sarafu nyeusi inakumbusha vizuri zaidi. Gramafoni yenyewe ningemletea yeye, asikilize uani akipima.

Nimeifunga kwa uzi, nimeining'iniza juu ya jiko. Uzi ni wake, nitamwambia. Moshi wa mkaa haushiki, tangu adhuhuri ndege bado anang'aa. Unatakiwa moshi wenye mafuta. Wenye mafuta ninaoujua ni mmoja tu, na Mama Sitara yuko arusini kwa Bi Azza mpaka usiku, na kopo lake la udi halina kufuli.

Kipande kidogo tu. Kama wakia hivi. Pungufu kidogo.